Kufundisha Historia Magofuni: Ziara ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani

Utangulizi

Somo la historia lina ugumu wake ambao kila mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuukabili. Mambo yanayofundishwa yamekwisha kupita, na wahusika wake hawapo tena. Mfalme aliyeaga dunia zaidi ya miaka mia sita iliyopita hawezi kuletwa darasani, wala biashara ya dhahabu haiwezi kuwekwa juu ya meza ili watoto waishike kama wanavyoshika mbegu katika somo la sayansi. Kwa sababu hiyo magofu ni hazina kubwa kwa mwalimu. Hayo ni mambo ya kale yaliyobaki, ambayo mtoto aweza kuyaona, kuyapima na kuyauliza maswali.

Hata hivyo, ziara nyingi za magofuni huleta faida ndogo. Baadhi huwa matembezi tu: watoto hukimbia huku na huku, hula chakula chao, hupigwa picha, kisha hurudi nyumbani. Nyingine huwa imla ya nje: mwalimu husimama kivulini akasoma maelezo, na wanafunzi wakayaandika madaftarini. Mtoto wa namna hii amevuka bahari ili kuandika maneno ambayo angeweza kuyaandika akiwa kwenye dawati lake. Katika ziara zote mbili gofu lenyewe halikuulizwa neno.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha njia ya tatu, nayo ni kuipa ziara swali moja ambalo jibu lake litatafutwa na watoto wenyewe katika mawe. Mfano wetu ni Husuni Kubwa, gofu lililo juu ya mwinuko katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani.

Mambo ambayo mwalimu apaswa kuyajua

Mwalimu asiyejua mahali hawezi kuwaongoza wengine kupachunguza. Kwa hiyo tuanze na mambo machache ya msingi.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo mkoani Lindi, ng'ambo ya mlango wa bahari ukitokea Kilwa Masoko. Kati ya karne ya 13 na ya 15 mji wake ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya biashara katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, na utawala wake ulinufaika sana na biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala. Mwaka 1505 Wareno waliushambulia mji huo wakajenga ngome, nao wakaondoka mwaka 1512. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014.

Magofu mengi mashuhuri, kama vile Msikiti Mkuu, jumba la Makutani na ngome iitwayo Gereza, yako karibu na kijiji. Husuni Kubwa imejitenga nayo. Iko mwendo wa zaidi ya kilometa moja upande wa mashariki, juu ya rasi iliyoinuka na kuikabili bahari. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana pia kwa jina la Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa. Jina lake lilionekana katika maandishi ya jiwe yaliyopatikana hapo hapo. Jumba lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alilifukua katika miaka ya 1960. Ilidhihirika kwamba jumba hilo halikukaliwa kwa muda mrefu, na kwamba sehemu zake nyingine hazikupata kumalizika.

Swali la ziara

Neno "husuni" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni ngome. Watu wa Kilwa wameliita gofu hili Husuni Kubwa, na jirani yake likaitwa Husuni Ndogo. Hapa mwalimu amepata swali zuri bila ya kulitafuta mbali: "Jina linasema kwamba hapa palikuwa ngome. Je, mawe nayo yanasema hivyo?"

Swali hili lafaa kwa sababu tatu. Kwanza, ni fupi, na mtoto wa darasa la tano aweza kulikumbuka siku nzima. Pili, haliwezi kujibiwa kwa kukariri. Halina budi kujibiwa kwa kutazama. Tatu, linamfundisha mtoto kwamba jina la kitu si ushahidi wa kutosha juu ya kitu hicho. Mtoto akilielewa jambo hili amepata ufunguo wa somo zima la historia.

Mwalimu asilijibu swali hili kabla ya safari. Akilijibu, ziara imekwisha kabla haijaanza.

Maandalizi

Mwalimu hana budi kufika magofuni peke yake kabla ya kuwapeleka watoto. Katika ziara hiyo atachagua njia, atatia alama sehemu za hatari, na atajua ni wapi penye kivuli. Kibali hupatikana kwa ofisi ya serikali inayosimamia magofu, nayo humpatia mwongozaji. Yafaa mwongozaji aelezwe mapema kwamba watoto watauliza na kupima kwanza, na maelezo yake yatafuata mwishoni. Asipoelezwa, atatoa majibu yote pale pale kwenye mwamba wa kwanza, kwani ndiyo kazi aliyoizoea.

Usafiri wa baharini wataka uangalifu wa pekee. Mwalimu aulizie saa za maji kujaa na kupwa, apate nahodha anayejulikana, na ahakikishe kuwa mashua haijazwi kupita kiasi na kwamba kila mtoto ana kifaa cha kuelea. Watoto wahesabiwe kabla ya kupanda mashua, baada ya kushuka, kabla ya kuondoka magofuni na kabla ya kupanda tena.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama. Kila kikundi cha watoto watano au sita kiwe na daftari, penseli, na kamba ya meta kumi iliyofungwa fundo kila baada ya meta moja. Kamba hiyo watoto waitengeneze wenyewe shuleni katika somo la hesabu. Aidha, kila mtoto achukue maji ya kunywa na kitu cha kufunika kichwa.

Kazi ya magofuni: vituo vitano

Tunapendekeza watoto waanzie kwenye Gereza, kwa kuwa liko karibu na mahali pa kuteremkia. Hapo watatazama kuta nene na minara ya pembeni. Mwalimu awaeleze kwamba Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, na kwamba jengo linaloonekana ni la baadaye zaidi, la wakati wa Waomani. Kwa hiyo halilingani kwa umri na Husuni Kubwa. Linatumika hapa kwa kazi moja tu, nayo ni kumwonyesha mtoto jengo la vita linavyokuwa. Baada ya hapo darasa liende Husuni Kubwa, na vikundi vizunguke katika vituo vitano.

Kituo cha kwanza: mwinuko. Watoto wasimame mahali salama, mbali na ukingo, watazame baharini. Wajiulize: chombo kingeonekana kikiwa umbali gani? Adui angepandia wapi? Na nahodha mgeni angefikiri nini alipoliona jumba kubwa juu ya rasi? Watoto wengi wataandika upesi, "Ni ngome, kwa sababu iko juu." Mwalimu asiwakatalie. Awaulize tu kama kuna sababu nyingine ya mtu kujenga juu. Upepo mwanana ni sababu, na fahari ya kuonekana ni sababu pia. Basi kituo cha kwanza hakimalizi shauri.

Kituo cha pili: kuta na milango. Watoto watafute vitu walivyoviona kwenye Gereza. Je, ipo minara ya ulinzi? Je, upo ukuta mmoja mnene unaolizunguka jumba lote? Wahesabu milango na ngazi wanazoziona, kisha waandike: "Tumeona" na "Hatukuona". Safu ya pili ni muhimu kama ya kwanza, kwani mtoto ajifunze kwamba kutokuwapo kwa kitu nako ni habari.

Kituo cha tatu: birika. Katika jumba hili mna birika la kuogea lenye pande nane. Watoto wahesabu pande hizo, walichore, kisha wapime urefu, upana na kina kwa makadirio. Hapa hesabu na historia hukutana. Meta moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ni ndoo ngapi zingelijaza birika hili? Nani aliyezibeba? Mtoto ambaye kila asubuhi huteka maji kabla ya kwenda shuleni hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Ataona mwenyewe kwamba starehe ya mtu mmoja ilisimama juu ya mabega ya wengi, ambao majina yao hayakuandikwa katika jiwe lolote. Kisha mwalimu aulize: je, askari wanaojiandaa kuzingirwa wangeyaweka maji yao ya kunywa katika birika la wazi lenye umbo la kupendeza namna hii?

Kituo cha nne: chumba na boriti. Kikundi kipime upana wa vyumba vitatu au vinne kwa kamba ya mafundo. Watakuta kwamba vyumba vyaweza kuwa virefu, lakini ni vyembamba. Katika majumba ya mawe ya mwambao, upana wa kawaida ni kama meta mbili na nusu hadi tatu. Kwa nini tajiri aliyeweza kujenga vyumba mia moja asijenge chumba kipana? Jibu limo katika mikoko. Dari bapa ilishikiliwa na boriti za mikoko, na boriti imara haiwi ndefu kupita kiasi. Mti ndio uliotoa kipimo cha nyumba. Pale wajenzi walipotaka kujinasua katika mpaka huo walitumia kuba na matao.

Kadhalika watoto wautazame ukuta kwa karibu. Mawe yake ni ya matumbawe, na kilichoyashika ni chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Sehemu za nakshi zilichongwa katika matumbawe laini yaliyotolewa baharini, ambayo huwa magumu yakisha kukauka.

Kituo cha tano: behewa la kusini. Upande wa kusini kuna uwanja mpana uliozungukwa na vyumba vingi. Watoto waulizwe: vyumba vya namna hii, vilivyo karibu na bahari, vingefaa kazi gani? Wataalamu wanaona kwamba vilihusika na biashara, yaani kuweka na kuuza bidhaa. Mwalimu aweza kuongeza habari moja ambayo watoto huipenda sana: katika magofu ya Zimbabwe Kuu, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa, ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la Sultani huyu huyu al-Hasan bin Sulaiman. Darasani watoto watachora ramani na kuunganisha sehemu hizo mbili kwa mstari.

Mashahidi wawili wanapopingana

Baada ya vituo, darasa likutane kivulini. Huu ndio wakati wa kumleta shahidi mwingine, naye ni maandishi. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Aliusifu mji kwa uzuri wake na Sultani kwa ukarimu wake. Lakini alieleza kwamba majengo ya mji yalikuwa ya miti na kuezekwa kwa majani. Jumba la mawe hakulitaja.

Watoto watashangaa, na mshangao huo ni mali ya mwalimu. Asiuondoe upesi. Awaulize nani kati ya mashahidi hawa wawili anasema kweli. Huenda nyumba za watu wengi zilikuwa za miti na udongo, kama zilivyo nyumba nyingi vijijini, nazo zimeoza zisibakize gofu. Huenda pia msafiri alisahau, kwa kuwa habari za safari zake ziliandikwa na kukamilishwa mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Mtoto akitambua kwamba maandishi nayo yaweza kuulizwa maswali, hatakiogopa kitabu, wala hatakidharau.

Kurudi darasani

Somo linalofuata lisianze kwa mwalimu kutoa jibu. Lianze kwa kila kikundi kueleza kilichoona. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Kikundi chenu kimeandika kwamba hapa palikuwa ngome. Mliona nini?

Mwanafunzi: Tuliona iko juu, Mwalimu. Adui angeonekana akiwa mbali.

Mwalimu: Vema. Nani ameona jambo lisilokubaliana na hilo?

Mwanafunzi wa pili: Sisi, Mwalimu. Tulitafuta minara kama ile ya Gereza, hatukuiona. Tuliona birika la kuogea.

Mwalimu: Basi tuandike yote mawili ubaoni. Sasa tazameni: ushahidi upi ni mzito zaidi, na kwa nini?

Ubao ugawanywe katika safu tatu: ngome, jumba la mfalme, mahali pa biashara. Kila kilichoonekana kiwekwe katika safu yake. Darasa litafika polepole kwenye uamuzi ambao wataalamu wengi wameufikia, kwamba Husuni Kubwa ilikuwa makao ya mfalme yaliyounganishwa na shughuli za biashara, na kwamba jina lake la ngome si la kazi yake. Mwanafunzi atakayebaki na maoni mengine asipewe kosa, ili mradi ametaja ushahidi. Apewe kosa yule aliyetoa jibu sahihi bila ya sababu.

Husuni Ndogo iachwe kama swali la nyongeza. Hiyo ina ukuta wa mstatili wenye minara, tena ndani yake hamna majengo mengi. Wataalamu hawajaafikiana juu ya kazi yake. Ni vizuri watoto wajue kwamba yapo maswali ambayo hata wakubwa hawajayamaliza.

Majibu ya kushtua

Mwalimu atakutana na watoto watakaosema kwamba jumba hili lilijengwa na majini, au kwamba lilijengwa na wageni watupu kwa sababu "watu wetu hawakujua kujenga". Jibu la kwanza hutoka katika hadithi za nyumbani, nalo lisichekwe. La pili ni zito zaidi, kwani lina mizizi katika vitabu. Waandishi wengi wa zamani waliieleza miji ya mwambao kana kwamba ilichukuliwa nzima kutoka ng'ambo na kupandwa hapa. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba miji hiyo ilikua kutoka katika vijiji vya wakazi wa mwambao, ambao waliupokea Uislamu, wakafanya biashara na watu wa mbali, wakaoana nao na kujifunza kwao.

Kwa majibu yote mawili, mwalimu asitoe hotuba. Amrudishe mtoto kwenye daftari lake: jiwe la ukuta lilitoka wapi? Chokaa je? Boriti ilikatwa wapi? Kila jibu litamrudisha kwenye ufuko na mikoko anayoijua. Mtoto aliyeupima ukuta kwa mkono wake hatanyang'anywa historia yake kwa urahisi.

Nidhamu na hifadhi

Watoto wakatazwe kupanda juu ya kuta, kusogelea ukingo wa rasi na kuchungulia visima bila ya mwalimu. Vigae vya vyombo vilivyolala ardhini, hata kimoja kilicho kidogo, visichukuliwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda magofu. Lakini sababu ielezwe kwa lugha ya mtoto: kigae kikiwa mahali pake kinasema kitu, na kikiwa mfukoni kimenyamaza. Kadhalika watoto wakumbuke kwamba kisiwani wanaishi watu. Wawasalimu wazee wapitapo kijijini, wala wasiingie mashambani mwao.

Shule zilizo mbali na Kilwa

Si kila shule itafika Kilwa, wala si lazima. Njia tuliyoieleza yafaa popote penye mabaki ya kale: Kaole karibu na Bagamoyo, Tongoni karibu na Tanga, mifereji na matuta ya mawe ya Engaruka, au Kalenga, Iringa, palipokuwa na ngome ya Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894. Hata nyumba ya zamani ya kijijini yaweza kupimwa kwa kamba ya mafundo. Jambo la lazima ni swali moja zuri, na mwalimu mwenye subira ya kutolijibu mapema.

Mazoezi kwa walimu wanafunzi

1. Chagua gofu, jengo au mahali pa kale karibu na chuo chenu. Tunga swali moja la ziara ambalo haliwezi kujibiwa bila ya kufika hapo.

2. Andaa vituo vitatu kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la tano. Kwa kila kituo eleza watakachotazama, watakachopima na watakachoandika.

3. Mwanafunzi wako amesema kwamba gofu hilo lilijengwa na majini. Andika maswali matatu utakayomwuliza, bila ya kumwambia kwamba amekosea.

4. Jadilianeni: kwa nini safu ya "Hatukuona" yastahili kuwekwa katika daftari la mwanafunzi?